Huu "mtaala wa Uingereza" tunaoulipia ada ni upi hasa? Wenyewe wanabishana tangu 1976

#1 Mkazi wa Mbezi

Wakuu, habari za jioni.

Nina hoja, naomba tuijadili kwa utulivu. Shule nyingi za kimataifa Dar, Arusha hadi Nairobi zinajitangaza kuwa zinafundisha "mtaala wa Uingereza". Mzazi akisikia hivyo anajua kuna mpango mmoja umekaa London, kila mtoto wa Kiingereza anaufuata, na mwanawe ataufuata huohuo. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda, na hali haiko hivyo.

Sheria yao ya elimu ya 1944 ililazimisha somo moja tu, dini. Mengine yote walijipangia walimu wakuu na halmashauri. Tarehe 18 Oktoba 1976 Waziri Mkuu James Callaghan akasimama katika chuo cha Ruskin, Oxford, akasema wakati umefika wa kujadili ni mambo gani ya msingi kila mtoto afundishwe. Ikachukua miaka 12 mpaka sheria ipite, Julai 1988, chini ya Thatcher na waziri wake wa elimu Kenneth Baker. Tangu hapo wamepunguza, wameongeza, wamefumua na kusuka upya, na mpaka leo hawajakubaliana.

Swali langu: kwa nini hasa waliamua kuwa na mtaala mmoja baada ya kukaa karne nzima bila? Na umewasaidia?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Lilikuwa jambo la haki kwa mtoto wa maskini, na wengi walioupinga walikuwa wanalinda mamlaka yao darasani. Karibuni.

#2 Kinubi

Nimevuta kiti. Waje wanaoijua mada.

#3 Ticha wa Leicester

Salamu wakuu. Nafundisha hisabati sekondari hapa Leicester, kwa hiyo mada hii ni mkate wangu.

Tuanze kwa kurekebisha jambo moja, maana mleta mada kaandika kama vile Uingereza ni nchi moja kielimu. Mtaala wa 1988 ulikuwa wa England na Wales tu. Ireland ya Kaskazini walipata sheria yao 1989. Scotland hawajawahi kuwa chini ya mtaala huo hata siku moja. Wao wana miongozo yao, na haijafungwa kisheria namna hii. Wales nao, baada ya kupata bunge lao, walianza kujitenga kidogokidogo, na tangu Septemba 2022 wana mtaala wao kabisa. Kwa hiyo ukisikia shule ya Masaki inasema "mtaala wa Uingereza", ujue inamaanisha wa England.

Masomo ya 1988 yalikuwa kumi. Kiingereza, hisabati na sayansi ndiyo yaliyoitwa kiini. Yakafuata historia, jiografia, teknolojia, muziki, sanaa, michezo, na kwa sekondari lugha moja ya kigeni. Kule Wales kukawa na Kiwelshi. Umri wa miaka 5 hadi 16 ukagawanywa hatua nne, na mwisho wa kila hatua mtoto anapimwa. Dini ilibaki lazima, ila nje ya orodha hiyo, na silabasi yake inapangwa na kila eneo.

Kuhusu "kwa nini", nitarudi jioni, nina madaftari ya kusahihisha.

#4 Kijana wa Kisumu

Jibu ni uchumi, wadau. Angalieni hiyo tarehe ya hotuba. Bei ya mafuta ilipanda 1973, viwanda vikayumba, vijana wakakosa kazi. Septemba 1976 serikali hiyohiyo ya Callaghan ilikuwa imeenda kuomba mkopo IMF, wiki chache tu kabla ya Ruskin. Alichosema pale ni kwamba waajiri wanalalamika vijana wanatoka shule bila vitu vya msingi vinavyotakiwa kazini. Ukiisoma hotuba kwa jicho hilo, shule ndiyo ilibebeshwa lawama ya uchumi ulioanguka kwa sababu zake nyingine.

Na sisi Kenya tumeyaona. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 tuliambiwa ni wa kumfanya kijana ajitegemee kikazi. Mtaala wa umilisi, CBC, ulipokuja 2017 tukaambiwa yaleyale. Kila uchumi ukikaza, mtaala unabadilishwa.

#5 KitabuWazi

Kijana wa Kisumu, uchumi ulikuwepo sikatai, lakini hasira ya wazazi ilitangulia. Kulikuwa na shule ya msingi pale Islington, London, ikiitwa William Tyndale. Mwaka 1974 walimu walianzisha utaratibu ambao watoto walijichagulia sana la kufanya. Wazazi wengine wakaanza kuhamisha watoto, walimu wakagawanyika, wengine wakagoma ukaguzi ulipofika, magazeti yakashika moto. Tume ya mwanasheria Robin Auld ikachunguza na kutoa ripoti 1976, mwaka uleule wa hotuba. Swali lililobaki mezani lilikuwa hili: ikiwa shule imeamua kufundisha inavyotaka, ni nani mwenye mamlaka ya kuizuia? Mwalimu mkuu? Halmashauri? Waziri? Ikaonekana hakuna anayejua kwa hakika.

Na hata kabla ya hapo, tangu 1969, wasomi wa mrengo wa kulia walikuwa wanatoa mikusanyo ya makala kudai viwango vimeshuka. Kwa hiyo Callaghan, mtu wa chama cha Labour, aliokota hoja iliyokuwa mikononi mwa wapinzani wake ili wasiitumie dhidi yake.

#6 Mzee wa Pangani

Mleta mada, umeandika "karne nzima bila". Siyo. Mwaka 1862 Robert Lowe alileta utaratibu wa kulipa shule ruzuku kulingana na watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Somo lisilokuwa na fedha lilikufa. Utaratibu ule uliendelea mpaka miaka ya 1890. Mwaka 1904 zikaja kanuni za shule za sekondari chini ya Robert Morant: Kiingereza, lugha nyingine, jiografia, historia, hisabati, sayansi, uchoraji, kazi za mikono na mazoezi ya viungo. Ilinganisheni na orodha ya Ticha hapo juu. Baada ya miaka 84 Baker ameleta karibu orodha ileile.

Masharti ya shule za msingi yalilegezwa miaka ya 1920. Uhuru wa mwalimu wa Kiingereza ambao watu wanauona kama mila ya mababu ulidumu kama miaka sitini tu, ukiweka na ile ya vita.

#7 Kinubi

Mzee wa Pangani akiingia kwenye uzi lazima tarehe zipangwe foleni. Endelea mzee wangu, tunafaidika.

#8 Ngome Kongwe

Naona wote mnazunguka siasa. Sheria ya 1988 haikuwa ya mtaala peke yake. Sheria hiyohiyo iliifuta mamlaka ya elimu ya London ya kati, ILEA, ikafa 1990. Sheria hiyohiyo iliziruhusu shule kujitoa chini ya halmashauri na kupata fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu. Sheria hiyohiyo ilimpa mzazi nafasi pana zaidi ya kuchagua shule. Sasa kama unataka shule zishindane kama maduka, unahitaji mizani moja sokoni. Mtaala mmoja na mitihani ya aina moja ndiyo ilikuwa mizani. Halafu mwaka 1992 wakaanza kuchapisha matokeo ya shule kwa orodha, na mwaka huohuo ikaundwa Ofsted kukagua.

Kwa hiyo "haki kwa maskini" anayoisema mleta mada mimi siioni. Naona Thatcher anazivunja nguvu halmashauri za Labour.

#9 Mkazi wa Mbezi

Ngome Kongwe, hoja yako nzito lakini ina tobo. Kama ni soko tupu, Thatcher angeacha soko liamue kipi kifundishwe. Kulazimisha masomo kumi kwa sheria ni kinyume cha soko.

#10 Ngome Kongwe

Thatcher mwenyewe hakutaka kumi. Yeye alitaka Kiingereza, hisabati na sayansi, basi. Baker ndiye aliyeng'ang'ania mtaala mpana, wakavutana ndani ya serikali, na baadaye mama yule alilalamika hadharani kwamba kitu kilivimba kupita alivyokusudia. Hapo ndipo pa kujifunza: hata walioutunga hawakukubaliana "msingi" ni nini. Mmoja anaona msingi ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwingine anaona msingi ni kila kitu ambacho mtu mstaarabu anapaswa kukijua.

#11 Dada wa Moro

Mnaongea kana kwamba shuleni wanasoma mawaziri. Shangazi yangu alikulia London miaka ya 1970. Alipofika miaka 14 akapewa karatasi achague masomo. Hakuna aliyemkalisha chini. Akaachana na fizikia na kemia, akachukua upishi na kupiga taipu, kwa sababu wasichana wote wa darasa lake walifanya hivyo na mwalimu akaona sawa. Alipotaka baadaye kusomea maabara ya hospitali, mlango ulikuwa umefungwa. Ilibidi aanze upya akiwa na watoto, masomo ya jioni.

Ilikuwa kawaida Uingereza nzima: wasichana wanaiacha fizikia, wavulana wanaziacha lugha. Mtaala wa 1988 ulipofanya sayansi kuwa lazima mpaka miaka 16, kizazi cha binti zake hakikuulizwa. Walisoma fizikia, kemia na baiolojia, na mmoja leo ni mfamasia. Kaka Ngome Kongwe, wewe iite siasa. Mimi naona mabinti waliofunguliwa mlango.

#12 Kitunguu Saumu

Nakazia #11. Uhuru wa kuchagua ukiwa na miaka 14 unamfaa mtoto ambaye nyumbani kuna mtu wa kumwelekeza.

#13 Ticha wa Leicester

Nimerudi. Dada wa Moro umegusa kitu ambacho walimu wengi hapa hawakisemi. Hata mimi nautetea mtaala kwa sababu hiyo. Lakini naomba nieleze kwa nini walimu walikasirika, maana mleta mada anadai walikuwa wanalinda mamlaka tu.

Mtaala wa kwanza ulipofika shuleni mwaka 1989 ulikuja kwa majalada. Kila somo lilipewa kamati yake ya wataalamu, na kila kamati ikataka somo lake liwe na kila kitu. Sayansi ilikuwa na malengo 17 ya kupimwa, hisabati 14, kila lengo lina ngazi kumi, na kila ngazi ina maelezo yake. Mwalimu wa msingi anayefundisha masomo yote alitakiwa kumwekea kila mtoto alama kwenye hayo yote. Walimu wenzangu wa zamani wanasimulia kwamba walikuwa wanaweka alama za vyema kwenye visanduku mpaka saa nne usiku.

Mwaka 1993 wakagoma kusimamia mitihani. Walioanza walikuwa walimu wa Kiingereza wa wanafunzi wa miaka 14, vyama vikaungana nao. Halmashauri ya Wandsworth ikakishtaki chama cha walimu cha NASUWT, ikashindwa mahakamani kwa sababu majaji waliona mgogoro ni wa mzigo wa kazi. Serikali ikamwita Ron Dearing apunguze. Akapunguza sana, na ikaahidiwa kwamba hakutakuwa na mabadiliko kwa miaka mitano. Kwa hiyo mgomo ule haukuwa wa kukataa watoto wafundishwe kitu kimoja. Waliukataa mzigo usiobebeka.

#14 Mkazi wa Mbezi

Ticha, asante, hiyo ya Wandsworth sikuwahi kuisoma. Lakini mbona mitihani ya miaka 14 ilifutwa 2008 na mtaala ukabaki? Ina maana vilitenganishika toka mwanzo.

#15 Ticha wa Leicester

Ilifutwa baada ya kampuni iliyopewa kazi ya kusahihisha kuchelewesha matokeo nchi nzima. Isingekuwa fujo ile huenda ingekuwepo mpaka leo. Na angalia kilichotokea baada ya hapo: shule nyingi zikaanza kuwaandaa watoto mapema kwa GCSE, mtihani wa miaka 16, hatua ya tatu ikafupishwa kutoka miaka mitatu hadi miwili. Mtoto anaacha historia akiwa na miaka 13 ilhali sheria haijabadilika hata nukta.

#16 Mzee wa Pangani

Hapo sasa Ticha umefika kwenye shina. Mtaala wa kweli ni mtihani. Kabla ya 1988 shule za sekondari za England hazikuwa huru kama tunavyoambiwa, maana bodi za mitihani za vyuo vikuu ndizo zilizoamua kinachosomwa. Sisi wa umri wangu tunajua hili bila kusimuliwa. Tulikaa darasani Tanga tukisoma kwa ajili ya karatasi iliyotungwa na kusahihishwa Cambridge. Mito ya Uingereza tuliijua kabla ya kuufuatilia Pangani mpaka unakoanzia. Baraza la mitihani la Afrika Mashariki liliundwa 1967, Tanzania ikajitoa 1971, baraza letu la mitihani, NECTA, likaanzishwa 1973.

Kwa hiyo sisi tulikuwa na silabasi moja ya taifa na mtihani mmoja wa taifa wakati aliyetutawala bado anabishana kama serikali ina haki ya kuingia darasani. Vijana hili hamlisemi.

#17 Mama Salha

Asalaam aleykum. Nipo Birmingham, wanangu watatu wanasoma skuli za serikali.

Mimi nataka kujua nani anaamua "msingi" wa nani. Mwanangu wa katikati alifundishwa ufalme wa Benin, ule wa Afrika Magharibi. Mtaala uliopo unataka skuli za msingi zifundishe jamii moja ya nje ya Ulaya, zikachague baina ya Baghdad ya mwaka 900 hivi, Wamaya na Benin. Nilifurahi sana kuona mwanangu anakuja nyumbani na habari za mafundi wa shaba wa Benin. Lakini nikajiuliza, Kilwa iko wapi? Mji uliopiga sarafu zake wenyewe na kufanya biashara mpaka China haumo. Na ukitazama, hiyo Benin yenyewe ni chaguo moja kati ya matatu, skuli ikitaka inaipita.

Na jengine. Tangu Septemba 2020 elimu ya mahusiano ni lazima skuli zote. Wazazi wengi wa Kiislamu hapa Birmingham walisimama nje ya skuli mwaka 2019 wakipinga. Kwenye elimu ya jinsia una haki ya kumtoa mtoto, kwenye elimu ya mahusiano huna. Sisemi kila kitu mle ni kibaya, kuna mengi mazuri ya usalama wa mtoto. Ila mtu asiniambie kwamba mtaala wa pamoja ni hesabu na kusoma tu. Ni malezi, na kwenye malezi mzee ana neno.

#18 Kitunguu Saumu

Mama Salha, nakuelewa, ila ukimpa kila mzazi haki ya kutoa asichokitaka, kesho kuna atakayemtoa binti yake kwenye sayansi. Turudi kwa shangazi wa Dada wa Moro.

#19 Mama Salha

Wa kutoa binti kwenye sayansi si mimi, mwanangu. Wangu wa kwanza anachukua baiolojia na kemia. Nasema tuulizwe kabla, tusije tukaambiwa baada.

#20 KitabuWazi

Hiyo habari ya Benin ni ya mtaala wa Michael Gove, aliyekuwa waziri wa elimu, ulioanza kufundishwa Septemba 2014. Na huo ndio ugomvi mkubwa kuliko wote, mkubwa hata kuliko wa 1988.

Gove na naibu wake Nick Gibb walimsoma Mmarekani E. D. Hirsch. Hoja ya Hirsch ni kwamba kusoma ni kujua mambo. Mtoto anayejua habari nyingi za dunia anaelewa anachosoma, na asiyezijua anabaki nyuma hata kama anajua kutamka maneno. Mtoto wa tajiri habari hizo anazipata mezani kwao. Wa maskini asipozipata shule, hazipati popote. Kwa hiyo shule impe maarifa yaliyopangwa, mwaka kwa mwaka. Hii ndiyo hoja ya mleta mada ikiwa imevaa suti ya kihafidhina.

Machi 2013 wahadhiri 100 wa elimu wakaandika barua gazetini kupinga. Walisema ni orodha ndefu isiyoisha ya kukariri na itaua kufikiri. Rasimu ya historia nayo ilizua zogo mapema mwaka huo. Ilisemekana Mary Seacole, yule muuguzi wa Jamaika wa vita ya Crimea, anaondolewa. Watu wakakusanya saini, akabaki.

#21 Ticha wa Leicester

Kwa upande wa hisabati nasimama na Gove, hata wenzangu wakininunia. Mtaala wake unataka mtoto ajue jedwali la kuzidisha mpaka 12 mara 12 akifika miaka 9, na tangu 2022 kuna jaribio la lazima la kulipima. Watoto wanaonifikia sasa wakiwa na miaka 11 wanajua saba mara nane bila kuhesabu vidole. Nikiwafundisha sehemu na aljebra, akili yao iko kwenye jambo jipya. Wale wa zamani nusu ya kipindi ilipotea kwenye kuzidisha. Anayesema kukariri kunaua kufikiri aje akae nyuma ya darasa langu Jumatatu asubuhi.

#22 Kijana wa Kisumu

Hapo kwa jedwali nakubali Mwalimu. Lakini lugha je? Mwaka 2004 walifanya lugha ya kigeni kuwa ya hiari kuanzia miaka 14 na wanafunzi wakakimbia. Muziki, maigizo na ufundi vimeporomoka baada ya kipimo cha EBacc cha 2010, kinachohesabu Kiingereza, hisabati, sayansi, lugha, na historia au jiografia pekee. Mkuu wa shule anaweka fedha mahali anapohesabiwa. Ni kile kitu Mzee wa Pangani alisema cha Robert Lowe na ruzuku.

#23 Mtoto wa Lubumbashi

Mimi niko Glasgow, nimesoma yote. Nyinyi munazungumza England tu. Watoto wangu walifika hapa wakijua Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza hapana. Mtaala wa Scotland, ule ulioanza 2010, unamwachia mwalimu nafasi. Mwalimu wa binti yangu alimwacha afanye kazi yake ya kwanza juu ya migodi ya shaba ya kwetu, kwa michoro na maneno machache, kisha akaieleza mbele ya darasa. Mtoto alipata nguvu. Kama kungekuwa na orodha ya lazima kila wiki, sijui angeingilia wapi.

#24 Ngome Kongwe

Safi sana kusikia hivyo ndugu yangu wa Lubumbashi. Lakini tuangalie matokeo. PISA, jaribio la kimataifa la wanafunzi wa miaka 15, ya 2022 hisabati: England 492, Scotland 471, Wales 466. Waliolegeza mtaala wako chini. Hata mimi nisiyempenda Gove siwezi kuzifumbia macho namba hizo.

#25 KitabuWazi

Ngome Kongwe, tumia namba hizo kwa uangalifu. Waliofanya PISA ile walikuwa na miaka 15 mwishoni mwa 2022. Mtaala mpya wa Wales ulianza Septemba ya mwaka huohuo, kwa shule za msingi, na kidato cha kwanza kwa sekondari zilizochagua kuanza mapema. Hakuna mtoto hata mmoja wa Wales katika mtihani ule aliyefundishwa kwa mtaala mpya. Wales walikuwa nyuma toka zamani, na kubaki nyuma ndiyo sababu mojawapo waliamua kuubadilisha. Kwa Scotland hoja yako ina miguu zaidi, maana watoto wale walikulia humo. Hata hivyo OECD, shirika linaloendesha PISA, walipoukagua mwaka 2021 walisema tatizo moja kubwa ni kwamba mitihani ya miaka ya mwisho haikuendana na mtaala wenyewe. Tena na England yenyewe haikufikisha idadi ya ushiriki iliyotakiwa, kwa hiyo alama zake huenda zimepanda kidogo kuliko uhalisia.

Na Mama Salha, hili litakufurahisha: Wales ndiyo sehemu ya kwanza ya Uingereza kufanya historia za Weusi na Waasia kuwa za lazima katika mtaala.

#26 Mama Salha

Basi tuhamie Cardiff.

#27 Chumvi ya Bahari

Jamani mimi nina swali la vitendo. Nimeambiwa "akademi" za England hazilazimiki kufuata mtaala wa taifa. Sasa kama shule binafsi hazifuati na akademi hazifuati, nani anaufuata?

#28 Ticha wa Leicester

Swali zuri. Tahadhari tu, akademi ya England siyo ile ya kwetu ya kulipia. Ni shule ya serikali isiyolipiwa ada, ila iko nje ya halmashauri. Sheria ya 2010 ilizifungulia njia pana zaidi, na leo zaidi ya asilimia 80 ya sekondari za England ni akademi. Mkataba wao unataka mtaala "mpana wenye uwiano", pamoja na Kiingereza, hisabati, sayansi na dini, hauwabani na mtaala wa taifa wote. Wengi wanaufuata kwa vitendo kwa sababu ya GCSE na Ofsted. Labour walipeleka muswada bungeni Desemba 2024 wa kuzirudisha zote chini ya mtaala mmoja.

Sambamba na hilo Profesa Becky Francis alipewa kazi ya kuupitia mtaala mzima, akatoa ripoti ya mwisho Novemba 2025. Anataka muda wa mitihani ya GCSE upungue kwa kama asilimia 10 na kile kipimo cha EBacc kiondoke. Mtaala mpya umepangwa kuanza kufundishwa Septemba 2028. Kwa hiyo mzazi wa Mbezi anayelipia sasa "mtaala wa Uingereza", mtoto akifika sekondari utakuwa mwingine.

#29 Chumvi ya Bahari

Kwa hiyo nikienda shuleni niulize nini?

#30 Dada wa Moro

Uliza mitihani ya mwisho ni ya bodi gani, walimu wamesomea wapi, na Kiswahili kinafundishwa vipindi vingapi kwa wiki. Cambridge wana mtihani wa Kiswahili wa IGCSE, ile GCSE ya shule za kimataifa, kwa hiyo shule isikwambie hakuna nafasi. Huko England kwenyewe kuna GCSE ya Kiarabu, Kiurdu, Kibengali, Kigujarati. Ya Kiswahili hakuna, na wasemaji tumejaa.

#31 Mkazi wa Mbezi

Nimesoma yote, ahsanteni. Msimamo wangu bado uko palepale, na Dada wa Moro ndiye aliyenipa nguvu zaidi. Bila orodha ya lazima, mtoto asiye na mtu wa kumsemea anapewa kilichobaki. Zogo la Gove, PISA, akademi, yote ni ya jinsi ya kuipanga orodha. Haki ya kuwepo kwa orodha haijapingwa na yeyote hapa kwa hoja iliyonishawishi.

#32 Ngome Kongwe

Basi nikupe moja ya kulala nayo. Watoto kama asilimia 7 wa England wako shule binafsi, na sheria ya 1988 haikuzigusa shule hizo. Bungeni siku ile walikaa wabunge wengi waliosomea huko na waliopeleka watoto wao huko. Walipiga kura kwamba kila mtoto wa Kiingereza lazima asome masomo haya kumi kwa namna hii, isipokuwa wa kwao. Kama lilikuwa jambo jema kwa mtoto kiasi hicho, kwa nini waliwaachia wa kwao uhuru? Mkazi wa Mbezi, hilo naomba ulijibu bila kunipeleka kwa shangazi.

#33 Dada wa Moro

Shangazi mwachie mwenyewe, kaka. Na jibu ninalo: wa kwao hawakuwahi kunyimwa fizikia.